Mboni Iliyozidi Ukubwa

Jicho lilirudi siku ya soko, na aliyelirudisha alikuwa mama mtu.

Mama Skyrme hakubisha hodi. Alisukuma mlango wa duka la miwani la Preece, kengele ikalia juu ya kofia yake, akaingia huku mwanawe akimfuata kama mtoto anayepelekwa kwa mwalimu mkuu. Mwanawe huyo, Wilf, hakuwa mtoto hata kidogo. Alikuwa mwanamume mzima, mwenye mabega ya kubebea magunia ya matufaha. Jicho lake la kulia alizaliwa nalo, na la kushoto alitengenezewa na Hester Preece katika chumba cha nyuma cha duka lile.

Hester alikuwa kwenye kaunta akipangusa vioo. Majira yote ya joto alikuwa akiisikiliza kengele ile. Kila ilipolia moyo ulimruka, kisha akaingia mtu wa kukaza miwani, na moyo ukarudi mahali pake ukiwa umechoka kuliko jana. Leo kengele ilimletea aliyemtaka. Ila ilimleta na mama yake, tena mama aliyekuja kwa shari.

"Nani katengeneza kitu hiki?" Mama Skyrme aliuliza, kidole kikielekea usoni kwa mwanawe.

"Mimi, Mama Skyrme."

"Wewe? Nilidhani ni baba yako."

"Baba anasimamia. Mimi ndiye ninayepaka."

"Ndiyo maana! Wilfred, sogea hapa mlangoni kwenye mwanga. Inua uso, mwanangu, si wewe uliyekosea. Tazama kule kwa muuza nyama. Haya binti, njoo uone kazi yako. Hilo la Mungu, na hilo lako. Yanafanana hayo?"

Hester alizunguka kaunta akaja mlangoni. Rangi ilikuwa sawa, ule ukijani wenye vumbi la kahawia ambao alihangaika nao mpaka akaupata. Mishipa ilikuwa sawa, nyuzi nyembamba za hariri nyekundu alizozilaza moja moja. Lakini mboni hazikufanana hata kwa kusaidiwa. Ile ya jicho zima ilikuwa imesinyaa ikawa kama punje, na ile aliyoipaka yeye ilikuwa pana, nyeusi, imekodoka.

"Bundi," Mama Skyrme alisema. "Nimezaa mtoto, nimerudishiwa bundi. Jumapili watoto wa Probert walikaa nyuma yetu wakaiga mlio wa bundi mpaka wimbo wa pili. Na mke wa kasisi, na ule upole wake wa kinafiki, ananiuliza kama kijana kaanza dawa za usingizi!"

"Mama, inatosha."

"Haitoshi! Kila siku namwambia, twende likabadilishwe. Anakwenda kwenye kioo, anajitazama, anarudi ananiambia liko sawa. Sawa na nini?"

Wilf alibaki pale mlangoni. Alikuwa bado anatazama kule kwa muuza nyama, kama alivyoamriwa, na masikio yalikuwa yamemwiva.

Kabla hatujaendelea, lazima niseme jicho lile lilikosewa vipi, maana Hester hakuwa mpakaji wa kubahatisha.

Mwezi wa pili, Wilf alikuwa analaza ua wa miiba mpakani mwa shamba lake la matufaha. Kazi hiyo unakata shina nusu, unalipinda, unalilaza juu ya jingine. Tawi moja lilimponyoka likamchapa usoni. Hospitali walilitoa jicho, wakampa kitambaa cheusi, wakamwambia aende kwa Preece.

Mzee Ambrose Preece alikuwa na sheria moja iliyopita zote. Anayepakiwa jicho asimtazame mpakaji. Akae kwenye kiti kirefu, dirisha la kaskazini mbele yake, atazame juu ya bega la mpakaji mpaka kwenye mnara wa kanisa, amtazame jogoo wa shaba anayeonyesha upepo. Mtu akitazama mbali, mzee alisema, jicho hutulia na mboni hukaa katika ukubwa wake wa kila siku. Mboni ya kuchorwa haipanuki wala haisinyai. Ukiipima vibaya, umempa mtu kosa la kutembea nalo maisha yake yote.

Siku ya kwanza Wilf alimtazama jogoo vizuri tu. Siku ya pili akaanza maneno.

"Tazama jogoo, Bwana Skyrme," Hester alimwambia. Magoti yao yalikaribia kugusana, maana kazi ile haifanyiki kwa mbali.

"Nimemtazama. Hana jipya."

"Mtazame tena."

"Bi Preece, mimi nimebakiwa na jicho moja. Unataka nilimalizie kwa jogoo?"

Hester alicheka. Alicheka mpaka brashi ikamtetemeka, na mzee Preece aliyekuwa pembeni akisoma gazeti aliliteremsha kidogo akachungulia. Ilikuwa muda mrefu sauti ile haijasikika nyumbani humo. Tangu mama yake Hester azikwe, palikuwa na mlio wa saa, mlio wa birika, na mzee akikohoa.

Angeweza kumkemea. Hakumkemea. Akamwacha amtazame, naye akamtazama, kwa kisingizio cha kazi. Alipoisogelea ile mboni na kipimo chake alijiona mwenyewe mle ndani, mdogo, na nywele zake zimefungwa kwa utepe. Akaipima. Akaandika alichokiona.

Siku nyingine Wilf alimgeukia mzee. "Bwana Preece, wewe ni mtu wa macho, hebu nitoe ushamba. Mimi nimekua kwenye matufaha. Nayachuma, nayasaga, nayanywa. Kwa nini mtu akimpenda mwenzake anamwita tufaha la jicho lake? Kwa nini si pea? Kwa nini si kitunguu?"

Sisi husema mboni ya jicho langu, na wao kwa Kiingereza chao husema tufaha, lakini kitu ni kile kile. Mzee alikunja gazeti. Hakuna swali lililomfurahisha kama hilo.

"Kijana, watu wa zamani hawakujua kwamba ile nyeusi ni tundu la kupitishia mwanga. Waliona kitu cheusi, cha mviringo, wakadhani ni tunda gumu limekaa katikati ya jicho. Na tunda la mviringo walilolijua ni lipi? Wakaiita mboni tufaha. Hawakuwa wanasifu mtu, walikuwa wanataja kiungo."

"Na mapenzi yaliingilia wapi?"

"Yaliingia yenyewe. Mtu akirushiwa jiwe analinda nini kwanza? Mkono unakwenda machoni kabla hajafikiri. Basi kile unachokilinda bila kufikiri, ukakiita jina hilo. Waebrania walioandika maandiko waliiita vingine. Kwao ni mtu mdogo wa jicho. Unajua kwa nini?"

"Sijui."

"Msogelee mtu sana, utamwona mtu mdogo mle ndani. Ni wewe."

Wilf alimtazama Hester. "Nilikuwa najiuliza yule ni nani," alisema polepole.

Mzee hakuwa kipofu. Alimwona kijana, akamwona binti yake anavyoinama kutafuta brashi ambayo haikuanguka. "Mimi la kwangu ndilo hili," alisema, akimwekea Hester mkono begani. "Huyu ndiye tufaha la jicho langu. Sina jingine."

Na siku jicho lilipokamilika, Wilf alipokuwa mlangoni anageuza geuza kofia mikononi kama mtu mwenye neno, mzee alimfuata. Hester alikuwa chumba cha nyuma, mlango wazi. Alisikia kila kitu. "Bwana Skyrme, umepata ulichokifuata. Kile kingine sikitoi. Nadhani unanielewa." Wilf akasema anaelewa. Kengele ikalia. Hester alibaki amesimama na kitambaa mkononi, hakutoka, hakusema, na tangu siku ile akawa mtu wa kusikiliza kengele.

Sasa mzee Preece alitoka chumba cha nyuma kwa ajili ya kelele. Mikono yake ilikuwa kwenye mfuko mkubwa wa aproni, mahali ilipokaa siku zote tangu ilipoanza kutetemeka.

"Kuna nini, Mama Skyrme?"

"Kuna bundi."

Mzee alimsogelea Wilf. Aliinama, akatazama jicho hili, akatazama lile. Uso wake ulibadilika. Hakuna jicho lililowahi kurudishwa katika duka lile, si kwake, si kwa baba yake.

"Hester, ulipima lini?"

"Kila alipokaa kwenye kiti, baba."

"Na kila mara uliipata hivi?"

"Kila mara."

"Alikuwa anatazama wapi?"

Hester aligeukia vioo vyake.

"Jogoo," Wilf alisema haraka. "Nilikuwa namtazama jogoo. Tena mpaka shingo inauma."

"Aha. Basi na tumwone huyo jogoo. Njoo ukae, kijana. Na wewe mama, karibu, usije ukasema tumekudanganya."

Wakaingia wote chumba cha nyuma. Wilf alikaa kwenye kile kiti. Mwanga wa kaskazini ulimwangukia usoni, mwanga wa kijivu wa asubuhi isiyo na jua. Mama Skyrme alisimama upande mmoja, mkoba kifuani. Hester alisimama nyuma kabisa, karibu na rafu ya rangi.

"Tazama jogoo," mzee alisema.

Wilf akamtazama. Mboni ikakaa, ndogo, imetulia.

"Nitazame mimi."

Hakuna kilichobadilika.

"Mtazame mama yako."

Mboni ikasinyaa kidogo.

"Kwani nimefanya nini?" Mama Skyrme aliuliza.

"Hujafanya kitu, mama. Sasa, Bwana Skyrme, mtazame binti yangu."

"Baba, si lazima," Hester alisema.

"Njoo hapa mbele. Kaa unapokaaga."

Akaja. Akakaa kwenye kile kibao chake, magoti yakikaribia kugusana na ya Wilf, kama zamani. Alikuwa ameapa kutomtazama, na kiapo hicho hakikufika popote. Akainua macho. Wilf alikuwa anamsubiri.

Mboni ikafunguka. Haikufanya haraka. Ilitanda taratibu, ikasukuma ile rangi ya kijani pembeni, mpaka ikalingana na ile ya kuchorwa, ukingo kwa ukingo. Macho mawili yakawa pacha. Mtu yeyote angeapa kwamba yote mawili yanaona.

Jikoni birika la maji lilikuwa likigongana na kifuniko chake.

"Jamani," Mama Skyrme alisema, akatafuta kiti, akakaa. Alikuja na maneno ya mwezi mzima na yote yalikuwa yamemwishia. "Jamani, Wilfred. Kumbe ndiyo maana kwenye kioo unasema liko sawa."

"Nikijitazama ninakuwa ninamuwaza aliyelipaka, mama," Wilf alisema bila kuondoa macho. "Kwa hiyo lilikuwa sawa kila siku. Sikukudanganya."

"Na hukuja?" Hester aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo mno. "Tangu mwezi wa sita hukuja hata kukaza skrubu ya miwani?"

"Sina miwani."

"Ungenunua!"

"Baba yako aliniambia anadhani nimemwelewa. Nikawa nimeelewa."

Mzee Preece aligeukia dirisha. "Niliyasema na siyakani," alisema. "Na bado nayasema. Duka hili ni mikono ya huyu. Hawa wanaotoka vijijini kuja hapa, wa ajali, wa vita, watoto waliozaliwa hivyo, wanakuja kwa mikono hii. Yangu imekwisha."

"Hata mimi niseme ukweli," Mama Skyrme alidakia, ingawa ukali ulikuwa umempungua. "Sina ubaya na wewe, binti. Lakini mke wa shamba anaamka na ng'ombe. Wakati wa kuchuma anakaa kwenye majani mabichi mpaka magoti yanaganda. Wewe vidole vyako ni vya brashi. Na huyu mzee utamwacha na nani? Utamleta aje akae kwenye zizi?"

"Mimi sihami," mzee alisema.

"Si nimesema? Hahami."

"Hester," Wilf alisema.

Hakuwahi kumwita hivyo. Miezi yote ile ilikuwa Bi Preece hiki, Bi Preece kile. Jina lake kinywani mwa mtu mwingine asiye baba yake lilimwingia mpaka akashika ukingo wa kibao.

"Leo nimeletwa na mama, sitakudanganya kwamba nilijileta. Lakini nimefika, na nakuuliza wewe. Sio baba, sio mama. Jicho hili, libadilishwe, au libaki hivi?"

Mama Skyrme alifungua mdomo, Wilf akamnyooshea kiganja.

"Likibadilishwa, nitafanana na watu, na kanisani watapata kitu kingine cha kucheka. Likibaki, sitaweza kuishi nalo mahali pengine popote ila pale ulipo wewe. Kokote kwingine nitakuwa bundi mpaka nife. Mimi niko tayari. Sema tu."

Nimesikia posa nyingi katika maisha yangu, za pete, za barua, za mashangazi waliotumwa na vikapu. Posa kama hii sijaisikia. Na wote wanne mle ndani walijua ni posa.

Hester alimtazama baba yake. Alimwomba kwa macho neno moja tu. Si lazima liwe ruhusa. Angesema hata, haya mwanangu, ni juu yako, lingetosha, angelibeba neno hilo mpaka shambani kwa akina Skyrme na angejifunza kuamka na ng'ombe. Mzee alikuwa bado anatazama nje. Hakusema kitu. Lakini kitambaa cha aproni kilikuwa kinatikisika mbele yake, kwa mikono iliyokuwa mle mfukoni inatetemeka kuliko siku zote, na Hester alikiona. Akilini alimwona akijaribu kujimiminia chai peke yake. Alimwona akikaa kwenye duka lililofungwa, akiisikiliza kengele.

Yeye alijua kuisikiliza kengele kukoje. Hakuweza kumpa baba yake hilo.

"Libadilishwe," alisema.

Hester alikuwa karibu naye mno, kwa hiyo alilazimika kuona mboni ile ikirudi ndani polepole, ikisinyaa, ingawa bado ilikuwa inamtazama yeye. Sikujua kama jicho linaweza kufanya hivyo. Hester hakujua pia, na alikuwa amefanya kazi ya macho tangu utotoni.

"Nashukuru," Mama Skyrme alisema, na hakuonekana kama mtu aliyeshinda.

Jioni ile baba na binti walikunywa chai bila kuwasha redio. Hester alimmiminia, akamshikia kikombe mpaka kikafika mezani salama.

"Ungeweza kusema libaki," mzee alisema hatimaye.

"Na wewe ungeweza kusema neno, baba."

"Nilikuwa nakusubiri wewe useme."

"Na mimi nilikuwa nakusubiri wewe."

Mzee aliushika mkono wake juu ya meza. Ulikuwa mkono wa baridi na haukutulia. "Unajua wewe ni nani kwangu."

"Najua, baba. Tufaha la jicho lako."

"Sina jingine."

Alikuwa amesikia maneno hayo tangu akiwa na meno ya utoto, na siku zote yalimpasha moto. Usiku huo aliyafikiria kwa namna nyingine. Mboni ya jicho huona kila kitu kinachopita mbele yake, watu, harusi, barabara, na yenyewe haiendi popote. Inalindwa kila upande, na iko peke yake. Hakumwambia baba yake hivyo, maana alimpenda. Aliosha vikombe akapanda kulala.

Wilf alikuja wiki iliyofuata kukaa kwenye kiti, akiwa peke yake. Mzee alikaa pembeni bila gazeti.

"Tazama jogoo, Bwana Skyrme," Hester alisema.

Akamtazama. Safari hii hapakuwa na maneno. Jicho lake lilipita juu ya bega la Hester, likatoka dirishani, likafika kwenye mnara na kubaki huko, tulivu kama mzee alivyokuwa akitaka siku zote. Hester alisogea na kipimo chake. Alijitafuta mle ndani ya mboni na hakujiona. Kulikuwa na dirisha dogo tu, na kipande cha anga.

"Umechoka?" alimuuliza, maana ilibidi aseme kitu.

"Hapana."

"Kuchuma kumeanza?"

"Yameanza kudondoka yenyewe. Kesho tunaanza kuyatikisa."

"Mwaka huu mazuri?"

"Machachu. Kwa kinywaji ni mazuri. Ukilitafuna moja utanichukia." Kisha akasema kwa sauti ya chini ambayo mzee hakuisikia, "Hester, nikigeuza jicho sasa hivi kazi itaharibika, sivyo?"

"Itaharibika."

"Basi niambie nisigeuze."

Brashi ilisimama hewani. Angeweza kutosema kitu. Angenyamaza tu, naye angegeuza, na mambo yangeanza upya, na pengine baba yake angepata neno lake safari hii. Nyuma yake alimsikia mzee akikohoa, kikohozi kile cha kutafuta mahali pa kuweka mikono.

"Usigeuze," alisema.

Hakugeuza. Chozi lilimtoka kwenye jicho zima likateremka mpaka kidevuni, na alimtazama jogoo huku linateremka. Hester alilifuta kwa kitambaa cha kazi, kwa sababu lingemsumbua kupima, na akapaka mboni ndogo.

"Vizuri," mzee alisema kutoka pembeni. "Leo ametulia."

Jicho jipya lilipokauka na kung'arishwa, Wilf alikuja na mama yake kulichukua. Hester alilishika kwa kitambaa safi akampa, naye akageukia ukutani akalivaa, kwa kuwa kitendo kile hakupenda kukifanya mbele ya mtu. Kisha akageuka, na kwa mara moja, kwa muda wa pumzi moja, alimtazama Hester.

Jicho la kulia likafunguka lote. La kushoto likabaki dogo, sahihi, la mtu anayetazama mnara. Mwanamume mmoja alikuwa amesimama pale na macho mawili yasiyofanana, moja la kwake Hester na moja la watu wengine wote.

"Kwaheri, Bi Preece."

"Kwaheri, Bwana Skyrme. Ulioshe kwa maji ya uvuguvugu. Usitumie sabuni kali."

"Nitakumbuka."

Kengele ililia. Mzee Preece alikwenda kukaa. Hester alirudi chumba cha nyuma, akasimama kando ya dirisha dogo la mtaani, mgongo ukiwa ukutani, mahali ambapo mtu wa nje hawezi kumwona wala yeye hawezi kuona nje. Aliwasikia wakisimama chini yake. Mama Skyrme alikuwa anamfunga mwanawe skafu shingoni, kwa namna ya akina mama wote.

"Geuka nikuone kwenye mwanga. Hebu. Hebu tena." Kisha sauti ikajaa furaha, furaha ya kweli ya mama aliyerudishiwa mtoto. "Wilfred! Yanafanana! Mwanangu, yanafanana kabisa, hata mimi niliyekuzaa nisingejua lipi ni lipi!"

Hester alifumba macho. Kwa maneno hayo alijua, bila kuchungulia, kwamba Wilf hakuwa anatazama dirisha lake.